ASKOFU EDWARD STEERE, MTUNGA NYIMBO WA MKUNAZINI

Ukilitaja jina la Edward Steere hapa Matuu, wengine watakuuliza anachezea timu gani. Sisi wa kidato cha tatu tunalijua kidogo kwa sababu huja katika historia ya Kiswahili: Krapf, Rebmann, Steere, Madan, wote kwa mkupuo mmoja. Tunawaandika daftarini, tunawakariri, mtihani ukipita tunawasahau. Mwaka huu mimi niliamua kumfuata huyu mmoja hadi nimjue alikuwa mtu wa namna gani. Kilichonivuta ni nyimbo. Jumapili hapa kwetu watu huimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na hata yule ambaye siku ya soko hawezi kusema sentensi mbili za Kiswahili sanifu bila kujikwaa, kanisani huimba beti nne bila kuangalia kitabu. Ni nani basi aliyeanza kuyatia maneno ya Kiswahili katika zile sauti za Kizungu? Hakuwa mtu mmoja, lakini miongoni mwa wale wa kwanza kabisa ni Steere, kasisi wa Kianglikana ambaye baadaye alipata uaskofu. Kazi hiyo aliifanyia Unguja, katika mji ambao watu walikuwa wakiuzwa sokoni kama mbuzi.

Alizaliwa mjini London mwezi wa Mei mwaka 1828. Masomo yake ya kwanza hayakuwa ya dini. Alisomea sheria, akapata digrii mwaka 1848 na udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huohuo akakubaliwa kuwa wakili. Kijana wa miaka 22 mwenye udaktari wa sheria, si haba! Wengi wetu tungekaa hapo tukahesabu pesa. Yeye moyo wake haukutulia katika mahakama. Aliacha kazi hiyo, akaingia ukasisi mwaka 1856, na baada ya miaka michache akawa anachunga kanisa la kijiji kidogo cha wakulima kiitwacho Little Steeping, katika jimbo la Lincolnshire. Alipenda pia kazi za mikono, hasa kupiga chapa. Wasomaji wakumbuke jambo hilo la kupiga chapa, maana litarudi.

Wakati huo Uingereza kulikuwa na moto uliowashwa na Daktari Livingstone. Mwaka 1857 Livingstone alihutubia chuo kikuu cha Cambridge akawasihi vijana waje Afrika. Kutokana na wito huo ikaundwa misheni ya vyuo vikuu, ile ambayo baadaye watu wa Unguja na Tanganyika waliijua kwa herufi zake nne, UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikwenda upande wa Nyasa, nchi ambayo leo ni Malawi, na mwanzoni mwa mwaka 1862 homa ikamuua. Mahali pake akachaguliwa William Tozer, rafiki yake Steere. Tozer alimwomba rafiki yake amsindikize kwa muda mfupi tu, na Steere akakubali. Mkewe alibaki Uingereza. Wakaondoka mwaka 1863. Ule muda mfupi ulikuja kumaliza maisha yake.

Walipofika bara walikuta vita, njaa na magonjwa. Baada ya kukaa kwa taabu kwenye mlima wa Morambala, Tozer aliamua kuhamisha misheni yote hadi Unguja. Livingstone alikasirika sana, na huko Uingereza wako waliosema kwamba askofu ametoroka. Mimi naona hawakumtendea haki. Kukaa mahali ambapo kila mwezi unazika mwenzako ni ushujaa, sikatai, lakini hakuna mtu utakayemfundisha ukiwa kaburini. Wakaingia Unguja mwisho wa Agosti 1864.

Unguja ya siku hizo ilikuwa chini ya Sayyid Majid. Karafuu, pembe za ndovu na watu ndizo zilizokuwa biashara kubwa. Misafara iliyotoka Nyasa na Unyamwezi iliteremka pwani ya Kilwa na Bagamoyo, na majahazi yakawavusha mateka hadi soko la Mkunazini. (Tusijidai kwamba sisi wa Ukambani hatukujua njia za pwani. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe Mombasa kabla ya reli kuota hata ndotoni, na Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara wetu mkubwa.)

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi lilinisimamisha. Wanafunzi wa kwanza wa misheni hiyo pale Unguja walikuwa watoto watano ambao Sayyid Majid aliwatoa kwa Askofu Tozer. Watoto hao walikuwa wamekamatwa katika biashara ya watumwa. Yaani hawakuletwa shuleni na mama zao. Hawakujiandikisha. Walitolewa kama zawadi, vile mtu anavyoweza kumpa mgeni jogoo. Vitabu vingi hulisema jambo hili haraka haraka na kwa furaha, kwamba misheni ilipata wanafunzi. Mimi nasema tusimame kidogo. Mtoto aliyetekwa kwao, akavushwa bahari, halafu akapewa mtu mweupe asiyejua hata kumwamkia, alikuwa anafikiria nini usiku ule wa kwanza? Na lugha waliyokutana nayo pale haikuwa lugha ya mama ya mtoto wala ya mwalimu. Ilikuwa Kiswahili. Wote wawili walikuwa wageni ndani yake. Mmoja wa watoto hao alikuja kuitwa John Swedi, na huyo tutakutana naye tena.

Steere hakujua Kiswahili alipoondoka Uingereza. Krapf alikuwa amefika Mombasa tangu mwaka 1844 na alikuwa ameandika mengi, lakini ile ilikuwa Kimvita, na kamusi yake kubwa ilikuja kutoka mwaka 1882. Steere alianza karibu na sifuri. Hapa ndipo usomi wake wa sheria ulipomfaa. Wakili mzuri huuliza, husikiliza, halafu huuliza tena kwa njia nyingine ili aone kama jibu litabaki lilelile. Ndivyo alivyofanya na maneno. Aliwauliza watoto, mafundi, wasimulizi wa hadithi na masheikh. Hakukaa chumbani akajitungia Kiswahili chake cha kimisheni. Kosa hilo wageni wengi wamelifanya, na hata sisi wenyewe tunalifanya tunapoandika insha kwa kupanga maneno ya Kiingereza na kuyavika nguo za Kiswahili.

Aliyemsaidia kwa namna ya ajabu alikuwa Sheikh Abdul Aziz al-Amawi. Huyu alizaliwa Barawa katika pwani ya Somalia mwaka 1838, akawa kadhi wa Unguja na mmoja wa wanachuoni wakubwa wa pwani yote. Alikuwa Mwislamu kamili ambaye alibishana na wamishenari kuhusu dini bila kurudi nyuma hatua moja. Hata hivyo, ni yeye aliyejitolea kuwatafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi. Jamani, hebu fikirieni. Kadhi anakaa chini kuwatafsiria wamishenari nyimbo za Daudi! Alijua kabisa zitatumiwa na watu wa kanisa. Lakini Zaburi ni kitabu ambacho Waislamu pia wanakiheshimu, na nadhani mtu aliyeipenda lugha yake hakutaka kuona mgeni akiichakaza.

Kiswahili cha sheikh kilikuwa cha juu mno. Steere aliona kwamba mtu wa kawaida, kama yule mchukuzi wa bandarini au mtoto aliyetoka Nyasa juzi, asingekielewa chote, kwa hivyo hakuweza kukitumia moja kwa moja. Lakini hakukitupa. Alikiweka kama mizani yake. Kwa upande mmoja alikuwa na lugha ya wasomi, kwa upande wa pili lugha ya watu wa barabarani, naye akawa anatafuta katikati. Mimi naamini kila mtu anayeandika Kiswahili hadi leo yuko katika shida ileile. Ukienda juu sana, wenzako wanasema unajifanya mtu wa Lamu. Ukishuka sana, mwalimu anakuchorea duara jekundu.

Alipokuwa akijifunza aliandika hadithi alizosimuliwa. Mwaka 1868 alirudi Uingereza, na mwaka 1870 vikatoka vitabu vyake viwili mjini London. Kimoja ni mwongozo wa lugha ya Kiswahili, ambao wageni walijifunzia kwa miaka mingi. Cha pili ni mkusanyo wa hadithi za Kiswahili, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo mna hadithi ya Sultani Darai na paa wake, mna sungura na simba, na mwishoni mna ushairi wa Liyongo. Jambo ninalompendea ni kwamba katika jina lenyewe la kitabu alisema wazi kuwa hadithi hizo zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Hakujifanya kuwa ndizo zilizotoka kichwani mwake. Aliandika pia juu ya lugha ya Kishambala, ya Kiyao na ya Kinyamwezi.

Na ile kazi ya kupiga chapa? Misheni ilikuwa na mtambo wake mdogo huko Unguja, na Steere aliwafundisha vijana kupanga herufi moja moja za risasi, kupaka wino na kukandamiza karatasi. Sala, masomo ya kanisani na nyimbo zilianza kutoka pale kwa vijitabu vyembamba. Kwa hivyo baadhi ya watu wa kwanza kabisa waliopiga chapa Kiswahili kwa mikono yao walikuwa vijana waliokombolewa utumwani. Jambo hili halikuwa katika daftari langu la historia, na nafikiri lingefaa kuwamo.

Sasa nije kwenye nyimbo, maana ndipo chama chetu kina haki ya kuuliza maswali. Watu wengi hufikiri kutafsiri wimbo ni kazi rahisi, eti unachukua maneno ya Kizungu unayabadilisha, kwisha. Jaribuni muone! Wimbo una sauti yake, na sauti ina hesabu. Kama mstari una silabi nane, Kiingereza kinaweza kuingiza humo maneno saba hata manane, kwa sababu maneno yake mengi ni ya silabi moja. Kiswahili je? Chukua maneno niliyoyapanga mimi mwenyewe, si ya wimbo wowote: nitakushukuru Mungu. Hesabu. Ni-ta-ku-shu-ku-ru-mu-ngu. Silabi nane zimekwisha, na nimesema maneno mawili tu! Kwa hivyo mtafsiri hana budi kuamua ni wazo gani litabaki na ni lipi litaachwa. Katika beti ya Kiingereza yenye mawazo manne, labda mawili ndiyo yatakayopita mlangoni. Anayetafsiri wimbo kwa hakika anatunga upya. Ndiyo maana mimi nimemwita Steere mtunga nyimbo, na atakayebisha ajaribu kwanza beti moja.

Shida ya pili ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: MUngu, BWAna, waTOto. Sauti nyingi za nyimbo za Uingereza zilitungwa ili mstari umalizike kwa silabi nzito. Matokeo yake mnayasikia kila Jumapili. Kwaya inapofika mwisho wa mstari inaimba munGU, bwaNA, watoTO, na hakuna anayeshangaa kwa kuwa tumezoea. Lakini mwite mzee wa Mombasa asiyeingia kanisani, umwimbie hivyo, atakutazama. Si kosa la Steere peke yake, ni kosa la ndoa yenyewe, maneno ya huku na sauti ya kule.

Hapa ndipo nina lawama kidogo kwake na kwa wenzake. Steere alijua ushairi wa Waswahili. Aliuchapisha ule wa Liyongo. Alijua kwamba watu hawa wana mizani na vina vyao, na wana sauti zao za kuimbia ambazo zinakubaliana na mkazo wa lugha. Lakini nyimbo za kanisa kwa jumla zilifuata njia ya Ulaya, sauti za Ulaya na kinanda cha Ulaya. Nafikiri kama wangeanza na sauti za shairi na utenzi, leo tungekuwa na hazina nyingine kabisa. Walimu wanaweza kunipinga.

Upande wa maneno lakini namsifu bila kuficha. Angalieni maneno ambayo Mkristo wa Matuu anayatumia: imani, dhambi, sala, roho, malaika, nabii, injili, hata msalaba na kanisa. Mengi hayo yalitoka Kiarabu, na Waswahili Waislamu walikuwa wameyatumia miaka mingi kabla ya mmishenari yeyote kutia nanga. Steere na wenzake wangeweza kuyaogopa wakaleta ya Kilatini au ya Kiingereza. Hawakuyaogopa. Wakayaweka pamoja na maneno ya Kibantu kama Mungu, Mwokozi na upendo. Kila tunapofungua kitabu cha nyimbo tunaimba kwa maneno tuliyoazimwa na jirani wa dini nyingine, na yeye hajawahi kuyadai.

Steere alirejea Unguja mwaka 1872. Mwaka huohuo kimbunga kikubwa kilipiga kisiwa kikang'oa mikarafuu na kubomoa majumba. Tozer aliumwa akaacha uaskofu, na mwaka 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu huko London, kisha akarudi tena kazini.

Lakini kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo la soko. Tarehe 5 Juni 1873, baada ya Waingereza kumbana Sayyid Barghash kwa maneno na kwa manowari, mkataba ulitiwa sahihi na soko la watumwa likafungwa. Tusidanganyike kwamba utumwa wenyewe uliisha siku hiyo. Kisheria uliendelea Unguja hadi mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya hadi mwaka 1907. Hata hivyo, pale Mkunazini palinyamaza. Kasisi mmoja wa misheni, Arthur West, alinunua sehemu ya kiwanja, na tajiri mmoja wa Kihindi, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine bure. Siku ya Krismasi 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Haikuchukua hata miezi saba tangu watu walipokuwa wakisimamishwa hapo na kukaguliwa meno.

Steere alianza kuhubiri papo hapo ndani ya kibanda cha udongo, kwa Kiswahili, na Waislamu wa mjini walikuja kusikiliza na kubishana. Kujenga kanisa lenyewe kulimla miaka. Paa ndilo lililowatia watu mashaka. Alitaka liwe tao moja refu bila boriti, lililotengenezwa kwa vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na saruji. Watu walitabiri kwamba litaporomoka. Yeye alikuwa mwanasheria na mpiga chapa, hakuwa fundi wa majengo, lakini aliendelea. Krismasi ya mwaka 1877 wakasali humo, na ujenzi ukaendelea hadi karibu mwaka 1880. Paa halikuporomoka. Nguzo fulani za humo zilisimamishwa juu chini, na wanaotembeza wageni husimulia kwamba mafundi walifanya hivyo askofu alipokuwa safarini. Zikaachwa vivyo hivyo. Madhabahu ipo mahali ambapo panasemekana palikuwa na mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Nje ya kanisa, tangu mwaka 1998, kuna sanamu za watu watano wamesimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni. Wengi mmeziona katika picha.

Huko Uingereza alikuwako kasisi mwingine wa Kianglikana aliyetunga nyimbo, John Newton, aliyefariki mwaka 1807. Kabla ya kuwa kasisi, Newton alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Wimbo wake juu ya neema unaimbwa dunia nzima, na watu huupenda kwa sababu aliyeutunga alikuwa mkosaji mkubwa aliyejua anasema nini. Mimi nikimlinganisha na Steere naona tofauti moja. Newton alitunga baada ya kuondoka baharini, na wale aliowauza hawakuwamo kanisani kumsikia. Steere aliimba pamoja na wale waliouzwa. Kama neno la wimbo lilikuwa la uongo, walikuwa wamekaa pale pale mbele yake, wanamtazama.

Wapo waliomwona Steere kuwa mtu wa vitabu tu. Si kweli. Mwaka 1875 alitembea kutoka Lindi hadi kwa Mataka, mfalme wa Wayao, safari ya miguu ambayo mtu wa leo anayelalamika matatu ikichelewa kutoka Thika hawezi kuifikiria. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa ili awarudishe karibu na nchi zao upande wa Nyasa. Kiongozi mmoja mashuhuri wa misafara ya misheni miaka hiyo alikuwa Chuma, yuleyule tunayemsoma pamoja na Susi kwamba walibeba maiti ya Livingstone hadi pwani. Walipofika Masasi wale watu walikataa kwenda mbele. Mahali palikuwa na maji na ardhi nzuri, nao walikuwa wamechoka kupelekwa. Steere akakubali, na Masasi ikawa kijiji chao. Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko penginepo. Kwa wengi wao huenda ilikuwa mara ya kwanza tangu kutekwa kusema hapa tunakaa na mtu mwenye madaraka akasikia.

Yule John Swedi, mtoto aliyetolewa zawadi mwaka 1864, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufika daraja hilo. Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuwa kasisi kamili ni Cecil Majaliwa, mwaka 1890, wakati Steere hayupo tena. Ukiuliza kwa nini ilichukua miaka 26 tangu wale watoto watano, jibu si zuri sana kwa wamishenari.

Nisisahau jambo linalotuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Steere alipochagua Kiunguja hakujua anatuchagulia na sisi. Vitabu vyake vilipoenea bara pamoja na misheni na shule, Kiunguja kilizidi kupata nguvu. Mwaka 1928 wakuu wa elimu walikutana Mombasa, na hapohapo nyumbani kwa Kimvita wakaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Watu wa Mombasa waliumia, na nawaelewa. Lugha ya Muyaka ikawekwa kando, na ingepotea zaidi kama si W. E. Taylor, kasisi mwingine wa Kianglikana, kukusanya mashairi yake. Sisi wa Matuu hatukuulizwa lolote. Tulipewa Kiunguja, tukakichanganya na Kikamba chetu, na mwalimu bado anahangaika nasi.

Miaka ya mwisho Steere alikuwa akitafsiri Agano Jipya, akisimamia ujenzi, akipiga chapa, akihubiri, akiangalia Kiungani walikosomea wavulana na Mbweni walikokaa waliokombolewa. Mwili ulichoka. Alikwenda Uingereza kwa muda, akarudi Unguja, na mwezi wa Agosti 1882 akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa lake la Mkunazini, nyuma ya madhabahu. Chuma naye alifariki mwaka huohuo, huko huko Unguja. Agano Jipya lilitoka mwaka 1883, mtafsiri wake akiwa kaburini, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891 baada ya wengine kuimalizia.

Sheikh Abdul Aziz aliendelea na kazi yake ya ukadhi na uandishi hadi alipofariki mwaka 1896. Nimeangalia vitabu vyote vitatu vya nyimbo vilivyoko nyumbani kwetu na kwa jirani. Mbele vina majina ya makanisa na ya wapiga chapa. Jina lake halimo.